Jina Jema la Arusha

Gazeti lile lilifika Arusha likiwa limelowa. Mpagazi aliyelileta kutoka Moshi alikuwa amelikunja ndani ya blanketi lake, na masika ya mwaka ule hayakuheshimu blanketi la mtu. Nililianika juani ukutani pa shule, na lilipokauka nikaenda nalo sokoni kuwasomea watu. Siku zile waliojua kusoma mjini kwetu walikuwa wachache, na mimi, Elisaria mwana wa Sadoki, mwalimu msaidizi wa misheni, nilipenda sana kuonekana mmoja wao.

Nikasoma kwa sauti kubwa kabla sijaelewa ninachokisoma.

"Mji wa Arusha," aliandika mtu aliyejiita Msafiri wa Tanga, "ni boma jeupe katikati ya matope. Punda ni wengi kuliko watu, na walevi ni wengi kuliko punda. Mgeni akifika, jambo la kwanza analouliza ni njia ya kutokea."

Mama mmoja aliyekuwa akiuza magadi alicheka. Wengine hawakucheka. Mzee Lemburis, Mwarusha ambaye neno lake sokoni lilikuwa na uzito kuliko la mtu yeyote, alinisogelea.

"Soma tena, mwalimu."

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo ndivyo tunavyojulikana huko pwani," alisema polepole. "Na treni sasa imefika Moshi. Watu watakuja wengi, na wote watakuwa wamekwisha kusoma hayo."

Wiki ile ile tukaanzisha chama. Waliingia Waarusha na Wameru, akaingia fundi cherehani kutoka Pangani na wengine waliohamia. Tukakiita Chama cha Jina Jema, Mzee Lemburis akawa mkuu wetu, na mimi nikawa mwandishi. Tulichimba mifereji kando ya barabara. Tuliwatengea punda uwanja wao. Tulikata magogo tukajenga upya daraja la mto Themi, na nyumba zinazotazama barabara tukazipaka chokaa. Kisha nikaandika barua kwa yule Msafiri kumwalika aje ajionee mwenyewe. Akajibu kwamba atakuja mvua zikiisha.

Ilikuwa kazi njema. Mpaka leo nasema ilikuwa kazi njema, na ndiyo maana aibu yangu ni kubwa.

Maana kulikuwa na Naeku.

Naeku na mama yake waliishi chini ya daraja lile, kando ya mto, katika kimojawapo cha vibanda vitatu vilivyokuwa pale. Mama yake, Namnyaki, alikuwa mjane. Alipika pombe ya ndizi akawauzia wapagazi waliotoka Moshi na mizigo kichwani. Siku ya kwanza niliyomwona Naeku, alikuwa akivusha punda, na punda amegoma katikati ya maji. Nikajitia uungwana, nikaingia kumsukuma. Punda akapiga hatua moja mbele, mimi nikaanguka kifudifudi mtoni na suruali yangu ya misheni. Naeku aliziba mdomo kwa mkono, lakini macho yake yalicheka, na macho yale nikaondoka nayo.

Baada ya hapo nikawa nakwenda. Nilimfundisha herufi kwa kuandika mchangani kwa kijiti, naye alizishika upesi kuliko wanafunzi wangu wote. Tulikaa mabega yakikaribiana bila kugusana. Akipatia neno, alinitazama, nami nikasahau neno linalofuata.

Lakini nilikuwa nakwenda kwa njia ya nyuma, ndani ya migomba, watu wasinione.

"Mbona hupiti barabarani?" aliniuliza siku moja.

"Huku ni karibu zaidi."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye herufi zake. Huku kulikuwa mbali mara mbili.

Nilimwogopa baba. Baba yangu alikuwa miongoni mwa Wameru wa mwanzo kubatizwa, na alikuwa ameacha pombe kwa machozi. Sijui nani alimnong'oneza, lakini siku moja, nilipokwenda nyumbani Akeri, alinikalisha.

"Nasikia kuna binti wa Kiarusha."

"Baba, ni watu tu wanaosema."

"Hajabatizwa. Na mama yake anauza kile kile nilichokikimbia. Elisaria, nilifunga mlango wa mbele kwa nguvu zangu zote. Usiniingizie pombe kwa mlango wa nyuma."

Niliendelea kupita migombani.

Mwezi mmoja kabla ya mgeni kuja, chama kilikutana shuleni. Wameru walimtuma baba awe mjumbe wao. Mzee Lemburis alisimama akasema daraja limependeza, barabara imependeza, lakini mgeni akivuka, kitu cha kwanza atakachokiona ni vile vibanda vitatu na walevi waliolala nje.

"Vivunjwe," alisema baba.

Wazee wakaitikia. Lakini Mzee Lemburis alikuwa mtu wa haki, hakutaka kwenda mbio.

"Wenyewe ni watu gani? Ni wenyeji? Mwalimu, wewe hukaa upande ule. Unawafahamu?"

Baba aligeuka akanitazama. Nikaona kwamba anajua kila kitu. Kalamu ilikuwa mkononi. Wino ulidondoka juu ya karatasi, nikaukausha kwa kidole.

"Nawaona tu njiani," nilisema. "Nadhani ni watu wa kupita."

"Basi andika hivyo," alisema Mzee Lemburis.

Nikaandika.

Walivunja asubuhi ya Jumanne. Mimi nilikuwa juu ya daraja na ndoo ya chokaa, nikipaka nguzo ambayo nilikuwa nimekwisha kuipaka jana yake. Niliwaona wanaume wakitoa nyasi za paa. Niliona Namnyaki akitoa nje vyungu, na ngozi za kulalia, kisha akarudi ndani, akatoka amemshika mtu aliyejifunika blanketi, mpagazi mgonjwa. Akamkalisha juu ya punda. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu.

Walipopita darajani, Naeku ndiye aliyekuwa anamwongoza punda. Akasimama mbele yangu. Nilidhani atalia au atanitemea mate.

"Habari za asubuhi, mwalimu," alisema, kama anavyosalimiwa mtu usiyemjua.

"Njema," nilisema.

Aliitazama ndoo mkononi mwangu. Kisha akapita. Nikasikia baadaye kwamba wamekwenda Lemara kwa mjomba wake, Koikai.

Mgeni alikuja Julai, wakati wa baridi. Tulikwenda kumpokea huko Kimandolu, njia ya Moshi, kwa nyimbo. Alikuwa mtu mwembamba, mwalimu kama mimi, jina lake Efraimu, na hakuwa na majivuno niliyoyategemea. Alitembea barabara yote. Aliligonga daraja kwa kisigino akatabasamu. Aliangalia mifereji, akasifu. Mzee Lemburis alikuwa amesimama wima kama kijana. Tukamleta shuleni, tukamkalisha, wazee wote wamekaa, na baba yangu mbele kabisa.

"Wazee wangu," alisema Mwalimu Efraimu, "mmenitia haya. Niliandika vibaya, na ninyi mkajibu kwa kazi. Nikirudi nitaandika niliyoyaona leo." Watu wakapiga makofi. Akafungua mkoba wake, akatoa kanga mpya iliyokunjwa vizuri. "Sasa naomba mnipeleke kwa yule mama wa mtoni. Nilipovuka sikuiona nyumba yake."

Makofi yakakatika.

"Mama yupi?" aliuliza Mzee Lemburis.

"Yule wa chini ya daraja. Nilipopita hapa safari ile nilishikwa na homa. Wenzangu waliniacha wakaendelea na safari. Mama yule alinilaza nyumbani kwake siku tisa, na binti yake alininywesha uji kwa mkono wake. Hilo hamkulisoma. Niliandika habari zake pia. Niliandika kwamba mji wenye mama kama yule una heri. Gazeti lilipokuja nikaona wamechapa mwanzo tu, nafasi haikutosha."

Nilitazama sakafu. Sakafu ile tuliifagia kwa ajili yake.

Mzee Lemburis alikohoa. Alikuwa mzee mkweli, lakini mgeni ni mgeni, na mji ulikuwa umesimama juu ya ulimi wake.

"Yule alihama," alisema. "Walikuwa watu wa kupita."

Kuyasikia maneno yangu yakitoka katika kinywa cha mzee yule kulinitoa jasho, na baridi ilikuwa ya Julai. Sikukusudia kusimama. Nilijikuta nimesimama.

"Hakuhama," nilisema. "Tulimvunjia nyumba. Mzee Lemburis hana kosa, aliniuliza mimi, na mimi nilisema uongo. Yule mama jina lake Namnyaki. Ameishi hapa tangu boma halijajengwa. Nilikuwa namjua vizuri, kwa sababu binti yake nampenda."

Baba aliinamisha kichwa, nikaona utosi wake, nywele nyeupe ambazo sikuwahi kuziona kwa kuwa sikuzoea kumtazama kutoka juu.

Mwalimu Efraimu hakunikemea. Aliirudisha kanga yake mkobani taratibu.

"Nipeleke," alisema.

Tulitembea mpaka Lemara. Kwa Koikai palikuwa na boma la ng'ombe na migomba kidogo, na pembeni kibanda kipya ambacho kuta zake zilikuwa bado mbichi. Namnyaki alitoka akijikinga jua kwa mkono.

"Takwenya!" nilimwamkia kwa Kimaa, lugha ya kwao.

"Iko," aliitikia, kama kawaida, kama vile sikuwa mimi. Kisha akamwona mgeni. Alimwendea akamshika mashavu kwa mikono miwili. "Wewe! Kumbe hukufa! Hata umenenepa kidogo."

Mwalimu Efraimu akampa ile kanga. Wakaingia ndani.

Naeku alikuwa nyuma ya kibanda akikandika ukuta. Mikono yake ilikuwa na udongo na samadi mpaka kwenye viwiko. Alinisikia nikija, hakugeuka.

"Umemleta mgeni wa mama," alisema. "Ahsante, mwalimu."

"Niite Elisaria."

"Huyo nilimfahamu kule mtoni."

Alichota udongo, akausukuma ukutani, akausawazisha kwa kiganja.

"Naeku, nimesema kweli yote. Mbele ya wazee, mbele ya baba yangu."

"Umesema nini?"

"Kwamba nilidanganya. Kwamba nawajua. Na kwamba nakupenda."

Mkono wake ulisimama. Aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya daraja aliyaweka macho yake juu yangu. Yalikuwa yale yale, ila hayakucheka.

"Umewaambia wao kabla hujaniambia mimi?"

Ilikuwa kweli. Miezi yote ile ya herufi na mchanga sikuwahi kulitamka neno hilo.

"Nilidhani unajua," nilisema.

"Nilijua. Nilijua pia kwamba njia ya migombani ni ndefu. Ulifikiri sijui? Mimi nimezaliwa pale, Elisaria."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuhurumia. Nilijiambia, huyu anaogopa baba yake, na kumwogopa baba si dhambi. Siku moja ataacha." Alijifuta jasho kwa bega. "Siku ile darajani nilisimama mbele yako, unakumbuka? Unajua nilikuwa nasubiri nini?"

"Niombe radhi."

"Hapana. Nilisubiri uweke ile ndoo chini. Basi. Sikutaka upigane na watu. Ungeiweka ndoo chini ukamshika punda, hata hatua kumi tu, ningeridhika maisha yangu yote."

Nilitaka kuondoka, na nilitaka kukaa pale mpaka nife.

"Nataka kukuoa," nilisema. "Kesho nitawatuma wazee kwa mjomba wako. Nitakupitisha sokoni mchana, watu wote waone. Baba akikataa, basi na akatae."

Nilipopiga hatua moja kumkaribia hakurudi nyuma, na mimi, mjinga, moyo wangu ukaanza kushangilia.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Usinijibu kama mwalimu. Kama mgeni yule asingemuuliza mama, leo ungekuja?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo, na alikuwa ananitazama.

"Sijui," nilisema.

Machozi yalimjaa ghafla, akayazuia.

"Ahsante kwa kusema kweli," alisema. "Sasa sikiliza. Mimi nakupenda, na nisingetaka ulisikie kwa mtu mwingine, ndiyo maana nakuambia mwenyewe. Lakini sitaolewa nawe. Leo unanitaka kwa sababu umeaibika. Aibu itakwisha. Na ikiisha, kila ukinitazama utakumbuka siku mbaya kuliko zote za maisha yako. Mimi sitaki kuwa dawa ya aibu ya mtu."

"Naeku..."

"Hapana."

"Basi nifanye nini?"

"Sijui. Mimi siye niliyesoma."

Niliinama, nikachota udongo kwa mikono miwili, nikataka kukandika pale alipoachia. Alinishika kifundo cha mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa.

"Acha," alisema taratibu. "Ukuta huu nataka niumalize mwenyewe."

Nilidondosha udongo chini. Namnyaki alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, sijui tangu lini, na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Umetembea."

"Mama, sistahili maziwa yako."

"Nani alizungumza habari ya kustahili? Kunywa."

Nikanywa. Nikamrudishia kibuyu, nikamwomba anisamehe.

"Mimi ni mtu mzima," alisema. "Nyumba ni nyasi, nyasi zinaota. Lakini hukunikosea mimi peke yangu. Yule mgonjwa tuliyemweka juu ya punda siku ile, unamkumbuka? Alikufa njiani kabla hatujafika hapa. Na jina lake hatukuwahi kulijua, alikuwa akiweweseka kwa lugha ya kwao. Tulimzika pale, kando ya ua wa boma."

Nilitazama alikoonyesha. Palikuwa na rundo la mawe tu. Nikakaa chini hapo hapo, nikajifunika uso, na hakuna aliyenibembeleza. Nilipoinuka, Naeku alikuwa amerudi kwenye ukuta wake. Mgongo wake ulikuwa ukitetemeka, lakini mikono ilikuwa ikifanya kazi.

Nilimwacha Mwalimu Efraimu kule, maana Namnyaki alikataa aende kabla ya kula. Nilirudi mjini peke yangu alasiri. Mlima Meru ulikuwa umejitokeza wote kutoka mawinguni, na barabara ilikuwa safi kweli kweli, mifereji imenyooka, kuta nyeupe. Watu waliokuwa wakinisalimia kila siku walitazama pembeni. Sikuwalaumu.

Shuleni wazee walikuwa wametawanyika. Baba peke yake ndiye aliyebaki, amekaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yamepanda juu kwa ufupi wa benchi lile. Nilikaa upande wa pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefika Lemara?"

"Nimefika."

"Na binti?"

"Amenikataa."

Nilimwambia yote, neno kwa neno, hata yale ya njia ya migombani. Nilimwambia habari ya rundo la mawe. Alisikiliza akitazama mikono yake.

"Miezi mingi nimemwomba Mungu binti yule akuache," alisema mwishowe. "Nilidhani siku akikuacha nitafurahi."

Aliinua macho, akanitazama.

"Elisaria, mimi ndiye niliyetamka kwamba vivunjwe. Nilijua ni nyumba ya nani. Nilikutazama, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulidhani nakutisha?"

"Ndiyo, baba."

"Nilikuwa nakutisha." Alisugua goti lake. "Lakini ndani yangu nilikuwa nasubiri. Nilisema, kama anampenda kweli atasimama anibishie mbele ya watu hawa. Ungesimama ningekasirika siku tatu. Siku ya nne ningewatuma wazee mwenyewe."

Nililia hapo, mtu mzima, mwalimu, mbele ya ubao wangu. Baba aliniacha nilie. Kisha aliinuka kwa shida, akachukua fimbo yake pembeni ya mlango na kofia yake.

"Kwa huyo Koikai napita wapi?"

"Unakwenda kufanya nini, baba? Amekataa. Hatakubali hata ukiniposea wewe."

"Nani amesema nakwenda kuposa?"

"Basi nisubiri nikusindikize."

"Hapana, wewe kaa," alisema baba, akavaa kofia. "Wewe wamekwisha kukusikia. Sasa ni zamu yangu kuona haya."

Akatoka, akashika barabara ya sokoni, katikati kabisa, ambako kila mtu angemwona.